UFA CHINI YA KITAMBAA

Ikiwa Biblia yako iko karibu, fungua kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 13, mstari wa 10 hadi wa 15. Hapo Mungu anawakemea watu waliouona ukuta dhaifu, wasiujenge upya, bali wakaupaka chokaa tu ili upendeze machoni. Mvua itakapokuja na upepo wa dhoruba, asema nabii, ukuta huo utaanguka, na msingi wake utaonekana wazi.

Leo basi tuzungumze juu ya nyufa. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo twaijua tangu utotoni. Lakini methali haikutuambia ufa unazibwa namna gani. Mimi somo hilo sikulipata katika chuo cha theolojia. Nilifundishwa na kijana mmoja fundi wa magari, chini ya mti wa mwarobaini.

Kanisani kwetu tunayo pikapu ya zamani. Ilikuwa mali ya mkulima mmoja kabla ya waumini kuinunua kwa harambee. Imebeba saruji, imebeba wanakwaya, imebeba wagonjwa usiku kwenda hospitali, na zaidi ya mara moja imebeba jeneza. Injini yake ingali nzima. Lakini nilipohamishiwa mtaa huu, upande wa tambarare za Voi ambako jua halina mzaha, nilikuta dashibodi yake ina ufa. Nina maana ile sehemu iliyo mbele ya dereva, chini ya kioo, penye saa ya mwendo na ya mafuta. Ufa ulianzia kwenye tundu la kutolea hewa, na urefu wake ulikuwa kama kidole.

Akina mama wa Umoja walipouona walisikitika. Wakafuma kitambaa kizuri chenye maua mekundu, wakakitandika juu ya dashibodi. Kila aliyepanda gari alikisifu. Nami nikaona kazi imekwisha.

Msikilizaji mpendwa, hebu kwanza nikueleze kwa nini dashibodi hupasuka. Katika magari mengi ya namna ile, ndani kuna kiunzi kigumu, juu yake kuna sponji, na juu ya sponji kuna ngozi ya plastiki. Ngozi hiyo ni laini kwa sababu kiwandani ilichanganywa na kemikali za kuilainisha. Jua linapopita katika kioo mwaka baada ya mwaka, kemikali hizo hutoka kidogo kidogo. Ule utando kama ukungu unaoshika kioo kwa ndani, ukiufuta unarudi, mara nyingi sehemu yake hutokana na kemikali hizo hizo. Basi plastiki hukauka, husinyaa, na mwisho hupasuka, hasa penye tundu au pembe. Hutasikia kishindo. Hakuna siku moja utakayosema, leo ndipo ilipoharibika.

Sasa nakuomba uniruhusu niseme juu ya ufa mwingine, uliotokea mwaka ule ule. Huu haukuwa katika gari.

Tulikuwa tunajenga chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Mweka hazina wetu, mzee wa kanisa aliyetumika kwa uaminifu miaka mingi kabla yangu, alinipa shilingi 14,000 ninunue mifuko 20 ya saruji. Nikaenda mjini kwa pikapu, nikainunua, nikarudi. Miezi mingi baadaye mkaguzi wa hesabu alikuja, akataka risiti ya saruji ile. Haikuonekana. Mzee akasema, "Pasta, risiti ile hukunipa." Mimi nilikuwa na hakika kwamba nilimpa. Nilijiona kabisa, katika mawazo yangu, nikiitia mkononi mwake. Nikamjibu mbele ya halmashauri nzima, "Mzee, tusiseme uongo katika nyumba ya Mungu."

Hakunijibu. Alifunga daftari lake taratibu. Mwezi uliofuata alileta shilingi 14,000 kutoka mfukoni mwake, akaziweka mezani bila neno lolote. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa ameuza mbuzi watatu.

Tangu siku ile tuliendelea kusalimiana mlangoni kila Jumapili. Tulipeana mikono, tukaulizana habari za nyumbani, na watu wakaona amani. Lakini wakati wa Ushirika Mtakatifu, wengine walipokuja kupiga magoti, mzee yule alibaki kitini. Nami nilipita na kikombe nikijifanya sikuona. Salamu zile za Jumapili ndizo zilizokuwa kitambaa chetu cha maua mekundu.

Basi siku moja mlima wa mawe ulitutikisa barabarani, na kitambaa kikateleza. Nilishtuka. Ufa uliokuwa kama kidole ulikuwa umevuka dashibodi kutoka upande wa dereva hadi upande wa abiria, na kingo zake zilikuwa zimejikunja juu kama gome la mti mkavu. Nikaipeleka pikapu kwa fundi.

Kijana yule aliondoa kitambaa, akapitisha kidole juu ya ufa. Akauliza ni nani aliyekuwa akipaka mafuta ya kung'arisha. Nikamwambia ni vijana wanaotuoshea gari. Akatikisa kichwa. "Pasta, mafuta haya hayarudishi ulaini. Yanang'aa tu, tena mng'ao wake unarudi kwenye kioo na kumsumbua dereva. Na dawa haishiki penye mafuta." Nikamwomba aujaze ule ufa upesi ili niende zangu. Akacheka kwa heshima, akasema neno ambalo sijalisahau hata leo: "Pasta, ufa huu siwezi kuufunga kabla sijaufungua."

Alipoifungua dashibodi ili aufikie ufa vizuri, karatasi moja ilidondoka kutoka chini yake, imekunjwa na kugeuka rangi. Aliniokotea akanipa. Ilikuwa ni risiti. Mifuko 20 ya saruji. Shilingi 14,000. Siku ile ya safari niliiweka juu ya dashibodi, ikapenya chini ya kitambaa, ikatumbukia katika ufa.

Ndugu yangu, nilikaa juu ya tairi kuukuu chini ya mwarobaini ule, nikashindwa kusema. Fundi aliendelea na kazi yake, nami nikimtazama nilijiona mimi mwenyewe natengenezwa. Sikiliza alivyofanya.

Kwanza, aliosha dashibodi yote kwa maji na sabuni mpaka mng'ao wote ukatoka. Vivyo hivyo nami ilinibidi niache kujipaka udhuru. Nilikuwa nimeanza kusema moyoni, "Ni bahati mbaya tu, kila mtu husahau." Hayo yalikuwa mafuta ya kung'arisha. Kusahau risiti si dhambi. Kumwita mzee mwongo mbele ya watu ilikuwa dhambi.

Pili, alitafuta ncha za ufa, akatoboa tundu dogo la duara penye kila ncha. Nikamwuliza sababu. Akasema nguvu ya kupasua hukusanyika pale kwenye ncha, penye ukali. Ncha ikifanywa duara, ufa hausongi mbele upesi tena. Msikilizaji, kabla ya kutengeneza ya jana, uzuie ya leo. Ikiwa mna ugomvi na ndugu yako, usiongeze hata neno moja kwa majirani. Toboa pale kwenye ncha, ufa usimame.

Tatu, alichukua wembe akakata zile kingo zilizojikunja, na ufa ukawa mpana kuliko ulivyokuwa. Nilitaka kumzuia! Lakini alisema kingo zilizokufa hazishiki kitu. Hapo nikatambua kwamba haitoshi kumwendea mzee kwa siri jioni na kumnong'oneza pole. Nilimwumiza hadharani. Basi ufa ule ulipaswa kufunguliwa pale pale ulipopasuliwa, mbele ya halmashauri.

Nne, alijaza ufa kwa dawa inayonyumbulika, safu nyembamba baada ya safu, akingojea kila moja ikauke kabla ya kupaka nyingine. "Nikitia kitu kigumu kama saruji," alisema, "jua likiwaka plastiki itatanuka, jioni itasinyaa, na kiraka kitabanduka." Kisha akaisugua kwa msasa na kupaka rangi. Gari lililala kwake siku mbili.

Halmashauri ilipokutana nilisimama na risiti mkononi. Nilisema, "Mzee, nilikuita mwongo katika chumba hiki. Mwenye kosa ni mimi. Risiti ilikuwa katika gari nililoendesha kila siku. Nakuomba msamaha mbele ya wote waliosikia." Chumba kilikuwa kimya. Mzee aliipokea risiti, akavaa miwani yake, akaisoma polepole tangu juu hadi chini. Kisha akasema, "Nimesikia, Pasta." Ni hayo tu. Halmashauri ikakubali arudishiwe fedha zake. Mbuzi wake hawakurudi.

Labda ungependa nikuambie kwamba tulikumbatiana siku ile ile. La. Jumapili iliyofuata alibaki kitini. Na ile ya pili. Na ile ya tatu. Nikakumbuka zile safu nyembamba za dawa, kila moja ikingojewa ikauke. Jumapili ya nne nilikuwa nimeinamisha kichwa nikigawa mkate, nikaona mikono miwili imenyoshwa mbele yangu, mikono ya mzee, yenye makovu ya jembe. Nilijua ni ya nani kabla sijainua macho. Sauti yangu ilinikatika, na walionifuata nyuma walilazimika kungoja kidogo.

Mpendwa msikilizaji, katika Mathayo sura ya 5, mstari wa 23 na wa 24, Bwana Yesu anatuagiza kwamba ukiwa unaleta sadaka madhabahuni ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka hapo, uende kwanza ukapatane naye. Mimi niliyekuwa nikisimama madhabahuni ndiye niliyekuwa nikilivunja agizo hilo kila juma. Na Mithali sura ya 28, mstari wa 13, yatufundisha kwamba afichaye dhambi zake hatafanikiwa, bali mwenye kuziungama na kuziacha atapata rehema. Sio mmoja kati ya hayo mawili, bali yote mawili: kuungama, na kuacha.

Pengine utauliza, je, kitambaa cha akina mama kilikuwa na kosa? Hapana. Dashibodi ilipokwisha kutengenezwa nilikirudisha mahali pake, na hata leo kipo, kinaikinga na jua. Kosa langu lilikuwa kukitumia badala ya dawa. Upendo hufunika, ndiyo, lakini hufunika jeraha lililosafishwa. Na ukikiinua kitambaa leo utauona mstari pale ufa ulipokuwa, rangi yake haikulingana kabisa. Fundi aliniambia mapema kwamba kiraka hakitakuwa kama kiwanda. Sioni haya. Bwana wetu mwenyewe, alipofufuka, aliwaonyesha wanafunzi makovu.

Neno la mwisho ni juu ya kivuli. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, walitangaza matokeo ya kupima magari yaliyoegeshwa siku za joto kali. Baada ya muda wa saa moja juani, dashibodi zilifikia wastani wa digrii 69 za Selsiasi. Zile zilizokuwa kivulini zilifikia kama digrii 48. Joto lilikuwa la siku ile ile, lakini tofauti ilikuwa mahali pa kuegesha. Siku hizi pikapu yetu inalala chini ya mti. Nawe, ndugu yangu, moyo wako unauegesha wapi? Zaburi ya 121 yatuambia kwamba Bwana ndiye kivuli chetu mkono wa kuume. Moyo unaokaa kwake kila siku katika sala na Neno haukauki upesi, nao huwa laini hata kusema, "Nilikosa."

Kabla jua la leo halijatua, inua kitambaa utazame. Yuko mtu ambaye mnasalimiana tu. Mwendee.

Tuombe. Ee Baba wa rehema, wewe waziona nyufa tunazozifunika. Tupe ujasiri wa kuzifungua mbele zako na mbele ya wale tuliowaumiza. Wape waliosingiziwa faraja, na waliosingizia toba ya kweli. Utujaze kwa Roho wako, ututunze chini ya kivuli chako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.