Mume, Mke na Mali: Mapatano ya Ndoa Kisheria
(Mada iliyotolewa Korogwe mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi)



Zamani, mapatano ya mali katika ndoa yalikuwa ya koo mbili. Washenga walikwenda na kurudi, mahari ikakubaliwa mbele ya mashahidi. Yale ambayo mume na mke wangechuma wenyewe baadaye hayakuwamo katika mazungumzo hayo.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilibadili jambo hilo. Kwanza, ilitamka kwamba ndoa haiwi batili kwa sababu mahari haikutolewa. Pili, ilimpa mke haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Tatu, ilisema kwamba kuoana hakuhamishi umiliki: shamba la mke hubaki la mke na la mume hubaki la mume, isipokuwa wenyewe wamepatana vinginevyo. Mapatano yametoka mikononi mwa koo, yamewekwa mikononi mwa wanandoa.

Hapa ndipo penye hatari. Mali iliyoandikwa kwa jina la mmoja huhesabiwa kuwa yake hadi ithibitishwe vingine. Iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili huhesabiwa kuwa yao kwa fungu sawa. Mke aliyelima miaka thelathini katika shamba lenye jina la mume peke yake, ndiye atakayetakiwa kuleta ushahidi. Ni kweli kwamba mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini hilo lilihusu mgawanyo baada ya talaka. Kwa mjane, Tangazo la Sheria za Mila la 1963, lililohusu jamii zinazofuata ukoo wa baba, lilimwachia matunzo ya watoto wake badala ya fungu la urithi.

Nyumba ya ndoa ina ulinzi wake: haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mengine yanangoja kauli ya wenyewe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mume na mke wazungumze wangali hai na wakipendana, waandike majina yote mawili, waandike na wosia. Kuandika si kutoaminiana. Ni kumtunza atakayebaki.