Dawa za Kumeza kwa Pumu ya Ngozi: Tulinganishe Kabla ya Kununua

Ndugu wananchi wa Kasulu na Kibondo,

Kiangazi cha nyanda hizi hukausha ngozi, na mwenye pumu ya ngozi hukesha akijikuna. Twafahamu kwa nini vidonge vya prednisoloni hupendwa: mwasho hupungua ndani ya siku chache. Wepesi huo ndio uliotuleta kwenu.

Kwanza, ugonjwa utambuliwe. Upele hufanana na pumu ya ngozi. Prednisoloni huuficha huku ukiendelea kuambukiza nyumba nzima. Pili, wengi hupona usumbufu kwa mafuta ya kulainisha ngozi na dawa za kupaka zilizoelekezwa na daktari. Hizo zikishindwa, ndipo dawa za kumeza hulinganishwa.

Prednisoloni hutuliza upesi, lakini ikisimamishwa ugonjwa mara nyingi hurudi kwa nguvu. Ikitumiwa kwa muda mrefu hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na huchelewesha ukuaji wa mtoto. Aliyekwisha kuitumia kwa wiki kadhaa asiiache ghafla. Daktari ampunguzie kidogo kidogo.

Siklosporini huleta nafuu ndani ya wiki chache, ila yaweza kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu.

Methotreksati huenda polepole, kwa kawaida wiki 8 hadi 12. Utafiti wa watoto 103 wa Uingereza na Ayalandi, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba siklosporini ilitangulia kuleta nafuu, lakini nafuu ya methotreksati ilidumu zaidi baada ya matibabu kukoma. Humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kwaweza kuua. Mjamzito haruhusiwi kuitumia, na ini na damu hupimwa mara kwa mara.

Azathioprini nayo huchukua miezi, na huhitaji vipimo vya damu.

Kwa hiyo bei ya kidonge si gharama yote. Hesabuni pia nauli ya kwenda kupimwa, iwe Maweni mjini Kigoma au Bugando, Mwanza. Kabla ya kukubali dawa, muulizeni daktari: Nafuu itaonekana lini? Nitapimwa nini, na wapi? Nitaiacha lini, na kwa namna gani?

Dawa hizi zote zahitaji cheti cha daktari. Muuzaji asiyekiomba hawafanyii hisani.