Somo la Leo: Adui wa Mbu Yumo Majini

Leo tunasoma neno hili: KI-LU-WI-LU-WI. Litazameni ubaoni. Kiluwiluwi ni mtoto wa mbu. Huishi majini, wala hana mabawa. Baada ya siku chache huwa mbu kamili. Na mbu jike wa anofelesi mwenye malaria akimwuma mtoto wako, humtia homa.

Basi ni heri kumwua angali majini. Nani atatusaidia? Samaki! Huko Kisii, nchini Kenya, wataalamu walitia perege katika mabwawa ya samaki yaliyoachwa. Habari za kazi hiyo zilitolewa mwaka 2007: baada ya majuma 15, viluwiluwi wa mbu wa malaria walipungua kwa zaidi ya 94 katika kila 100. Tena perege ni kitoweo. Watoto wa kerengende nao hula viluwiluwi, msiwaue.

Wataalamu pia huchanganya maji ya majani ya mwarobaini na chumvi ya madini ya fedha. Hupatikana chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ziuazo viluwiluwi. Lakini hiyo ni kazi ya maabara; msiijaribu nyumbani.

Perege hawezi kuishi ndani ya kopo, wala katika dimbwi la nyayo za ng'ombe. Kopo lifukieni, dimbwi lijazeni udongo. Na usiku laleni ndani ya chandarua.

Sasa andikeni: Samaki anakula kiluwiluwi.

Kwaherini.