Nani Ashike Funguo za Kadi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Kazi yangu ni kadi. Si kadi za harusi, ingawa najua hizo ndizo zinazowasumbua wazee wengi humu ndani. Nasema zile kadi za plastiki zenye kipande cha rangi ya dhahabu: kadi ya benki, kitambulisho, na laini ya simu iliyomo mfukoni mwa karibu kila mmoja wetu. Kile kipande cha dhahabu ni mlango tu. Nyuma yake imo kompyuta kamili, ndogo kuliko ukucha, yenye kumbukumbu yake na uwezo wa kupiga hesabu. Betri haina, huamka inapotiwa katika mashine, na ikitolewa hulala.

Nitasema juu ya jambo moja tu. Kadi ikishatoka kiwandani na kufika mikononi mwa mtumiaji, nani ana haki ya kuiongezea kazi mpya, na asiye na haki hiyo atazuiwaje?

Hapo mwanzo swali hili halikuwa na uzito. Programu ilichomwa ndani ya kadi kiwandani, ikakaa humo mpaka kadi ikatupwa. Ukitaka kazi nyingine, ulitoa kadi nyingine. Mwaka 1996 wahandisi wa kampuni ya Schlumberger mjini Austin, Texas, walifaulu kuingiza katika kadi lugha ya Java iliyopunguzwa sana, na njia ikafunguka ya kupakia na kufuta programu ndogo hata baada ya kadi kutolewa. Mwaka 1999 makampuni yakaunda chama kiitwacho GlobalPlatform, ambacho kanuni zake zinafuatwa mpaka leo katika kadi nyingi za benki, za simu na za vitambulisho.

Vijana wa bweni watazielewa kanuni hizo upesi kuliko wazee. Chukueni kadi kuwa ni bweni. Mlezi wa bweni ni yule aliyetoa kadi, mathalani benki. Yeye ndiye agawaye nafasi. Anamruhusu mwanafunzi mpya aingie, anaweza kumfukuza, na anaweza kulifunga bweni zima. Lakini kila mwanafunzi ana kabati lake na kufuli lake. Tuseme benki imekubali kampuni ya mabasi iweke programu ya nauli katika kadi hiyo hiyo. Kampuni itapewa kabati, nayo itatia funguo zake yenyewe. Benki yaweza kulitoa kabati hilo nje, lakini haiwezi kulichungulia. Na kati ya kabati na kabati upo ukuta: programu ya nauli haiwezi kunyoosha mkono ikagusa mambo ya benki, ila kwa kidirisha walichokubaliana.

Sasa mzigo huingiaje? Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na ndipo ninapowaomba vijana wasiopenda hisabati wavumilie. Mashine ya mtoa kadi na kadi yenyewe huanza kwa kupimana. Mashine hutuma nambari ya kubahatisha. Kadi nayo hutoa nambari yake, na pamoja nayo hurudisha jibu ambalo asiye na ufunguo wa siri hawezi kulikokotoa. Kisha mashine hupaswa kujibu kwa namna hiyo hiyo. Angalieni: kila upande unamtilia shaka mwenzake, na ufunguo wenyewe haukutajwa hata mara moja. Katika kupimana huko, hutengeneza kutokana na ule ufunguo wa kudumu funguo nyingine za mazungumzo hayo tu. Kila amri inayofuata hupigwa muhuri wa hesabu. Ikibadilishwa hata herufi moja njiani, muhuri haulingani, na kadi hukataa. Na kama ni kampuni ya mabasi inayopakia yenyewe, kadi yaweza kudai hati yenye sahihi ya benki kwa ajili ya programu hiyo na si nyingine, kama mnavyodaiwa nyinyi kibali pale getini.

Kazi ikifanywa sawasawa, funguo za kadi mbili hazifanani. Hukokotolewa kutokana na ufunguo mama pamoja na nambari ya kila kadi, ili mwizi akiivunja kadi moja awe amepata moja tu.

Mtu atasema: mbona tunajisumbua? Si bora kadi ifungwe kabisa kiwandani, isipokee kitu tena? Nilipata kuwaza hivyo hivyo, mpaka nilipoona yaliyotokea Estonia. Nchi ile ina watu kama milioni moja na laki tatu, na kitambulisho chao hutumika kutia sahihi mikataba na hata kupiga kura. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Masaryk na wenzao waligundua kwamba chipu fulani za kampuni ya Infineon zilikuwa zikitengeneza funguo kwa njia dhaifu. Kadi zipatazo 760,000 za Estonia zilikuwa na kasoro hiyo. Mwezi Novemba mwaka huo serikali ilisimamisha vyeti vya kadi hizo. Lakini haikulazimika kuzitupa. Watu wengi walikaa nyumbani mbele ya kompyuta zao, wakatia kadi katika kisomeo, nayo ikapata funguo za aina nyingine na vyeti vipya. Wengine walikwenda ofisini kuhudumiwa. Plastiki ilikuwa ile ile. Kadi iliyofungwa kabisa isingetibika.

Bali mlango apitao daktari, mwizi naye aweza kuupita. Mwaka 2013 mtaalamu wa Kijerumani, Karsten Nohl, alionyesha jambo kuhusu laini za simu. Laini hupokea amri kutoka kwa kampuni ya simu kwa ujumbe mfupi usioonekana na mwenye simu. Nohl alituma ujumbe wa namna hiyo wenye muhuri wa uongo. Laini nyingi zilinyamaza, kama ipasavyo. Nyingine zilijibu kwamba muhuri si sahihi, na jibu hilo zikalipiga muhuri wao wa kweli! Zilikuwa zikitumia fumbo liitwalo DES, lililopitishwa Marekani mwaka 1977, ambalo ufunguo wake ni wa biti 56 tu. Mwaka 1998 ilikwisha kutengenezwa mashine iliyoupata ufunguo wa namna hiyo kwa saa 56. Nohl, kwa majedwali aliyoyaandaa kabla, aliupata kwa dakika chache katika kompyuta ya kawaida. Mwenye ufunguo huo aweza kuipakia laini programu yake, na laini itamwita bwana.

Wala tusidhani hayo ni ya Ulaya. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi mwaka 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini. Sisemi kwamba menyu hiyo ilivunjwa. Nasema kwamba tangu siku hizo kile kipande kidogo kimekuwa mlango wa ada za shule, dawa za wazazi na bei ya mahindi ya mkulima.

Taasisi moja, ambayo jina lake nitalihifadhi, ilinunua kadi za wafanyakazi. Niliitwa kuongeza programu ya maktaba. Nikajaribu kwanza ule ufunguo wa majaribio uliochapishwa katika vitabu vya watengenezaji, baiti zinazofuatana kuanzia 40 hadi 4F, ambao kila fundi anaujua kwa moyo. Kadi ikafunguka. Muuzaji alipaswa kuubadilisha kabla ya kukabidhi, naye hakuubadilisha. Mtu yeyote mwenye kisomeo cha bei rahisi angeweza kufuta kilichomo, akatia chake, kisha akabadilisha ufunguo na kumfungia nje mwenye mali. Sikulala vizuri usiku ule.

Kwa hiyo nyinyi wenzangu mlio katika ofisi na mnaotia sahihi mikataba ya ununuzi, msiulize bei ya kadi peke yake. Ulizeni ufunguo mama utakaa kwa nani. Baadhi ya wauzaji huubakiza kwao, na kila mkitaka kuongeza jambo mtawapigia magoti. Udaini uletwe ukiwa umegawanywa vipande vitatu, katika bahasha tatu, kwa maofisa watatu ambao hakuna hata mmoja aijuaye bahasha ya mwenzake. Uunganishwe ndani ya kile kisanduku maalumu kinachojifuta kikibomolewa. Na kadi za kwanza zijaribiwe mbele yenu kwa ufunguo wa 40 hadi 4F. Zikifunguka, rudisheni shehena yote.

Naona Mwenyekiti anatazama saa. Nimekuja na kadi kumi na kisomeo kimoja. Vijana watakaopenda kujaribu wanifuate maabara ya fizikia baada ya chakula.