Usiipe Programu ya Zamani Funguo Zote

Mpima mahindi ghalani hapewi ufunguo wa sanduku la fedha. Vivyo hivyo katika kompyuta ya ushirika: programu ya kupiga chapa isipewe ruhusa ya msimamizi, yaani ruhusa ya kubadili kila kitu. Programu ya zamani, isiyozibwa tena matundu yake na mtengenezaji, ikiwa na ruhusa hiyo, mwizi apitaye humo huzifikia hata hesabu za malipo ya wakulima. Mwezi wa Mei 2017 kirusi WannaCry kilipitia huduma ya zamani yenye mamlaka makubwa, kikafunga kompyuta katika nchi zipatazo 150.

Zoezi: Taja programu moja ofisini kwenu. Inahitaji ruhusa gani?