Mikono Miwili

Jioni hii twaomba kuzungumza nanyi juu ya haiba ya mtu. Hatusemi haiba ya sura, maana sura hatukuichagua. Wala ya nguo, maana nguo ina bei, na mwenye fedha ataipata. Twataka kusema juu ya ile haiba ambayo mtu huwa nayo hata akiwa amejitanda shuka iliyofifia, awe na miaka ishirini au themanini, na ambayo hakuna fundi cherehani awezaye kumshonea.

Hapa Iringa baridi ya Juni na Julai huwasawazisha watu kwa mavazi: kila mmoja amejifunika alicho nacho. Ukisimama asubuhi mlangoni pa soko, si rahisi kumjua tajiri kwa koti lake. Lakini kaa hapo nusu saa, utawajua waungwana. Sisi tumefanya hivyo mara nyingi. Siku moja alifika mzee kununua chumvi. Hakuuliza bei. Alisema, "Kamwene," naye muuzaji akaitika, "Kamwene," wakaulizana habari za nyumbani, za watoto na za shamba. Kisha mzee akanyamaza kidogo, na ndipo alipoitaja chumvi. Fedha aliitoa kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umeushika ule wa kulia karibu na kiwiko. Akaenda zake. Hatukumbuki alivaa nini.

Watu wa mbali huwajua Wahehe kwa habari za Lugalo, pale ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mtwa Mkwawa lilikishinda kikosi cha Wadachi kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Lakini mgeni akaaye kwetu siku tatu tu ataondoka na habari nyingine, ya kuwa salamu zetu ni ndefu. Wako waliotulalamikia: ati tunapoteza wakati. Twawajibu kwamba wakati ndio tunaoutoa. Salamu fupi humwambia mwenye duka kuwa umekuja kwa ajili ya chumvi. Salamu kamili humwambia kuwa hata kama chumvi isingalikuwapo, ungalimwamkia vile vile.

Si hapa tu. Wabena nao husema "Kamwene." Ukienda Rungwe, Wanyakyusa watakuuliza "Ugonile," yaani umelala, nawe utajibu "Ndaga." Watu wa pwani wametupa sote neno "shikamoo," ambalo maana yake ya asili ni kumwambia mkubwa kwamba unashika miguu yake, naye hujibu "marahaba." Siku hizi hakuna ashikaye miguu, wala hatuwalaumu watu kwa hilo. Tunachosikitikia ni jinsi neno lenyewe litolewavyo. Kijana apita upesi, macho yake yamo katika simu, naye alitupa neno lile upande kama mtu atupaye ganda la muwa. Na mzee, kwa hasira au kwa uchovu, hujibu bila kugeuza shingo. Maana mkubwa naye ana deni lake. Marahaba isemwayo bila kumtazama mtoto usoni ni marahaba pungufu, na wakubwa wengi twaidaiwa.

Sisi ni walimu wa kuwafundisha walimu. Chuoni twawafundisha vijana kuandika ubaoni kwa mstari ulionyoka, kuandaa somo, kuliita darasa bila kupaza sauti. Katika mitihani yote tuliyopata kuisahihisha hatujaona swali moja linalouliza namna ya kupokea bakuli. Hatutaki kuwacheka watunga mitihani. Twasema hivi kwa sababu sisi wenyewe tulishindwa katika swali hilo, wala hapakuwa na mtihani wa pili.

Ilikuwa mwaka wa kwanza wa kazi yetu, tungali vijana, tunajivunia viatu na kalamu. Tulipangiwa kijiji cha upande wa mabonde, mbali na mji. Jioni moja tulikuwa tumekaa nje ya nyumba yetu tukisahihisha madaftari, akaja bibi wa mtoto mmoja wa darasa la nne. Alichukua bakuli la maharagwe ya kuchemsha, limefunikwa vizuri, akapiga goti, akaliinua kwa mikono miwili. Mkono wetu wa kulia ulikuwa na kalamu nyekundu. Hatukuiweka chini. Tulinyosha mkono wa kushoto, tukalipokea bakuli, tukamimina maharagwe katika sufuria yetu, tukamrudishia chombo chake papo hapo, kitupu, na macho yetu yamekwisha rudi katika daftari. Alisema asante, yeye aliyetuletea, akaondoka.

Asubuhi yake mjukuu wake hakuja shuleni, wala siku ya pili, wala wiki ya pili. Tuliandika katika kitabu cha mahudhurio kuwa hayupo, kwa kalamu ile ile. Wiki ya tatu mzee mmoja wa kijiji alitufuata njiani, akatuamkia taratibu, akaulizia afya yetu, kisha akasema: "Mwalimu, yule bibi asema hivi. Ikiwa mtu aliyesoma sana hupokea chakula kwa mkono wa kushoto, basi mjukuu wake amesoma vya kutosha."

Habari ya bibi huyo tutaimaliza baadaye.

Kila mtoto wa nchi hii amekwisha ambiwa kuwa mkono wa kushoto haupokei wala hautoi, kwa kuwa una kazi zake zisizotajwa mezani. Hiyo ni sababu ya usafi, nayo ni ya kweli. Lakini baada ya mkasa ule tulifikiri sana, tukaona sababu nyingine. Mtu apokeaye kwa mikono miwili hawezi kushika kitu kingine. Amekwisha weka chini jembe, fimbo, mzigo, au kalamu. Kwa dakika moja hana shughuli nyingine duniani ila ile ya mtu aliye mbele yake. Hilo ndilo tulilomnyima yule bibi. Naona tungalipokea kwa mkono wa kulia, na kalamu tumeibana masikioni, angaliudhika pia, ingawa kidogo.

Wako wasemao kwamba kupiga goti ni utumwa, hasa kwa wanawake, na kwamba watu walioelimika wayaache mambo hayo. Hatuwadharau wasemao hivyo, maana tumeona nyumba ambamo msichana hupiga goti mbele ya kaka yake mvivu, na kaka haondoi hata mguu njiani. Goti litakiwalo kwa ukali halina haiba yo yote, si kwa apigaye wala kwa apigiwaye. Kwa maoni yetu mvulana naye ainame mbele ya mkubwa, na mkubwa ajongee mbele kidogo kumpokea. Namna ya kuinama yaweza kubadilika. Kule kusimama kwa ajili ya mwenzako ndiko tusikotaka kupotee.

Juu ya nguo hatuna mengi. Iwe safi, kifungo kilichokatika kishonwe siku ile ile, na kiraka kikiwapo kiwe kimenyoka.

Juu ya mlango tunayo zaidi kidogo. Mwenye adabu hupiga hodi akiwa amesimama kando, ili mlango ukifunguliwa macho yake yasiwe ya kwanza kuingia ndani. Hupiga mara tatu, kwa nafasi. Asipoitikiwa huondoka bila kununa, maana mwenye nyumba ana haki ya kutokuwapo hata akiwapo. Ni jambo dogo mno, lakini mtu akilishika hukaribishwa hata na wale wasiompenda.

Tena liko jambo la chombo. Katika nyumba nyingi za nchi yetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Huwekwa yai, au chumvi kidogo, au ndizi moja. Tena hairudishwi upesi mno, kana kwamba unaikimbiza, wala haikawii hata mwenyewe akaja kuiulizia. Nasi watu wa Iringa twaujua uchungu wa kitu kilichokawia. Mtwa Mkwawa alikufa mwaka 1898, na kichwa chake kilichukuliwa Ulaya. Katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 iliandikwa kwamba kirudishwe kwa muda wa miezi sita. Fuvu lilifika Kalenga tarehe 19 Juni 1954, likaletwa na Gavana Twining, akalipokea Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Miezi sita ilikuwa imekuwa miaka thelathini na mitano. Hata leo fuvu hilo limo katika nyumba ya makumbusho ya Kalenga.

Huyo Adam Sapi ndiye aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha Spika wa Bunge letu, mwaka 1962, na alidumu katika kazi hiyo kwa miaka mingi. Kazi ya Spika, ukiitazama vema, ni kazi ya adabu: kumwachia kila mtu amalize neno lake, na kumnyamazisha amkataye mwenziwe kauli. Sisi tusio Bunge tunayo mabaraza yetu, na huko twakatana maneno kama watu wapigao kuni. Jaribuni jambo hili kesho: mwenzenu akisha nyamaza, hesabuni moja, mbili, tatu, ndipo mjibu. Mara nyingi mtagundua kuwa alikuwa hajamaliza, na kwamba lile lililobaki ndilo alilokuja kulisema.

Mambo haya si mageni, wala si ya bara peke yake. Yapata mwaka 1858 huko pwani, Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Alikuwa na mengi ya kumwambia, ya dini na ya nyumba, na juu ya hayo yote hakuona ni upuuzi kumwusia adabu na ulimi mwema. Mtu ajuaye kuwa siku zake ni chache hataji ila yale yatakayobaki.

Sasa turudi kwa yule bibi. Siku ya Jumamosi tulichukua bakuli letu wenyewe, tukalijaza chumvi, tukalifunika kwa kitambaa, tukaenda kwake kwa miguu. Tulipiga hodi mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya, nasi tulikuwa tukisikia mtu akikohoa ndani. Mara ya tatu alisema, "Karibu." Alikuwa ameketi anasuka kikapu cha milulu. Alipotuona alikiweka kando kikapu, akafuta viganja vyake katika nguo, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Tulipiga goti pale sakafuni, tukamnyoshea bakuli kwa mikono miwili, naye akalipokea kwa mikono miwili. Akafunua, akatazama, akafunika.

Maharagwe hakuyataja. Alituuliza kama mama yetu yu hai. Tulisema yu hai. Akauliza jina lake, na kijiji chake, na kama mvua ilikuwa ya kutosha huko. Akauliza ndugu zetu ni wangapi, na yupi mkubwa, na kama wameoa. Tulijibu moja moja, hatukutazama saa. Jua lilikuwa limepinduka tulipoaga, na mtoto alikuwa nyuma ya nyumba akichambua mboga, anasikia yote.

Jumatatu alikuwa darasani kabla ya kengele. Zile wiki tatu za hesabu za sehemu hazikurudi zenyewe. Tulimfundisha jioni, siku nyingi, mpaka alipowafikia wenzake. Bakuli letu alituletea yeye mwenyewe siku ya Jumatano, amelishika kwa mikono miwili, lina mahindi mabichi manne ndani yake.