Ukingo wa Dari



Msimu mmoja wa mavuno tulikwenda kumwona kijana wa kwaya, nje kidogo ya mji wa Kitale. Alikuwa kibarua wa kupukuchua mahindi. Ule mhimili unaozunguka kutoka kwenye trekta hadi kwenye mashine haukuwa na kifuniko, ukamnasa shati. Mkono wake ulikatwa chini ya kiwiko. Tuliimba, tukaomba, tukachanga fedha kidogo. Mama mmoja akaleta kuku. Kijana akasema, "Mchungaji, ni mapenzi ya Mungu." Nasi tukaitikia, Amina.

Amina ile imetusumbua sana. Baada ya miezi 14 alikuja kuuliza kama yako malipo yoyote kwa mtu kama yeye. Tulikuwa tumemwombea kila Jumapili, wala hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba siku zilikuwa zikihesabiwa.

Maana ziko siku, ndugu zangu. Ile sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini, ambayo wengi huiita WIBA, yamtaka mfanyakazi amwarifu mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri naye ampashe habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku 7. Mtu akifa, katika saa 24. Dai la fidia liletwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu ajali. Aliyeumia halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alikosa. Matibabu ni juu ya mwajiri, na ujira wakati mtu hawezi kazi, hadi miezi 12. Aliyelemaa kabisa hupimiwa ujira wa miezi 96, na kilema kidogo hupimwa kwa kadiri yake. Wala mtu asikimbilie kortini kwanza: Mahakama ya Juu ilikubali mwezi wa Desemba 2019 kwamba dai lianzie kwa Mkurugenzi. Kibarua naye asijihukumu kwa kuwa hana barua ya kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 yatambua hata mapatano ya mdomo.

Turudi kwa neno lile, mapenzi ya Mungu. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mtu ajengaye nyumba mpya aliagizwa aweke ukingo kwenye dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu hakumwambia mwenye nyumba angoje mtu aanguke ndipo amtaje Yeye. Kifuniko cha mhimili ule ndio ukingo wa dari. Hata sheria ya usalama kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yadai sehemu za mashine zenye hatari zizingirwe.

Ni vigumu kwetu wachungaji kuyasema haya. Wenye matrekta, wenye vinu na wenye misumeno ya mbao tunao humo humo kanisani, na wengine ndio walionunua mabati ya paa. Tumewaogopa kuliko tulivyomhurumia aliyekatwa mkono. Wapo waajiri wema pia, waliolipa bima na kumpeleka mtu hospitali kwa gari lao, nao hatukosi kuwashukuru.

Basi tukienda safari hii kumwona aliyeumia, awe wa kiwanda cha sukari au wa kinu cha kijijini, tuchukue kalamu pamoja na Biblia. Baada ya sala tuandike siku na saa ya ajali, na majina ya waliokuwapo. Tumuulize kama mwajiri amearifiwa. Akiletewa karatasi atie kidole gumba, tumsomee yote kwanza, kwa lugha anayoielewa. Kisha mmoja wetu afuatane naye hadi ofisi ya kazi.